Mfuko wa Vuguvugu

Kosa ni langu. Mimi ndiye muuguzi niliyepewa kazi ya kutunza maji ya kuoshea figo ya kupandikizwa, nikayatoa kwenye jokofu mapema mno.

Kwetu figo hutoka kwa ndugu aliye hai. Yeye yupo chumba hiki cha upasuaji, mgonjwa yupo cha pili, mlango kwa mlango. Nilikuwa nimesoma kwamba mwaka 1969 Geoffrey Collins na wenzake huko Los Angeles waliosha figo za mbwa kwa maji maalumu ya baridi, wakazihifadhi kwa saa 30, na zilipopandikizwa zikafanya kazi. Nikajiambia: hao walikuwa na saa 30 za kupambana nazo, sisi wa hatua chache, baridi ya nini? Nikautundika mfuko wa maji mapema ili nionekane nimejiandaa. Upasuaji wa ndugu ukachelewa, nami nikabaki najisifu kwamba meza yangu iko tayari.

Figo ilipoletwa, niliushika mfuko kuufungua. Ulikuwa vuguvugu. Nilijua papo hapo. Mwingine ulikuwemo jokofuni, lakini kuufuata kungekuwa kujitangaza mbele ya daktari bingwa, naye si mtu wa masihara. Nikanyamaza. Nikaongeza barafu kwenye bakuli, kana kwamba barafu ya nje ingefika ndani.

Haifiki upesi. Figo hupozwa kupitia ateri yake: maji ya takriban nyuzi 4 huisukuma damu nje na kupeleka baridi hadi kwenye vijishipa, ndipo seli zinapopunguza njaa ya oksijeni ambayo haiji tena. Barafu peke yake huanzia kwenye ganda, na ikiigusa figo moja kwa moja inaweza hata kuijeruhi. Haya nilikuwa nikiwafundisha wanafunzi.

Figo ile ilichelewa kutoa mkojo. Mgonjwa alirudishwa kwenye mashine ya kusafisha damu, akalala wodini muda mrefu kuliko ilivyopangwa, na familia ikalipa. Baadaye figo ilifanya kazi. Figo huchelewa kwa sababu nyingi, nami nilijificha nyuma ya sababu hizo hadi kwenye kikao cha tathmini, nilipoulizwa kuhusu baridi ya maji, nikasema kweli.

Siku hizi mfuko wangu hutoka jokofuni daktari anapokaribia kubana ateri. Nawe unayefanya kazi hii, ushike kwa mkono kabla hujaufungua. Ukiwa vuguvugu, sema hapohapo. Mwingine umo jokofuni.