Dada wa data alivyoponea Tanga

Nimerudi kampasi toka field Tanga. Huko bosi alitaka kumfukuza dada anayeingiza data, eti hafanyi kazi, maana Wireshark haikuonyesha hata ombi moja la MySQL kwenye poti 3306. Nikauliza: bosi, programu na databesi si ziko seva moja? Basi! Kwenye Linux, PHP ukiiandikia "localhost", inapitia faili la soketi, haigusi mtandao kabisa. Tukaweka 127.0.0.1, tukasikiliza "lo" badala ya kadi ya mtandao, maombi yakamiminika. Dada wa watu kabaki kazini. Jamani, mkikuta kimya, washeni kwanza logi ya databesi kabla ya kumshuku mtu.