Jina Lililodumu Vinywani

Nilipoanza kuwafundisha wanafunzi wangu hapa Kwa Vonza habari za masista, niliwaandikia tarehe tupu ubaoni, nao wakasinzia. Siku ya pili niliwasimulia habari za Sista Irene Stefani wa shirika la Konsolata. Alifariki Gikondi, Nyeri, tarehe 31 Oktoba 1930, kwa tauni iliyompata alipokuwa akimwuguza mwalimu mgonjwa. Wakikuyu walimwita Nyaatha, yaani mama mwenye huruma, na jina hilo lilikuwa lingali vinywani mwao alipotangazwa Mwenyeheri mwaka 2015. Darasa zima likatulia. Daftari hutunza miaka. Moyo wa watawa hutunzwa na wasimulizi. Basi, kamwulize nyanya yako habari za masista aliowajua, angali hai.