Motokaa ya Jamaa Juu ya Mawe ya Goma

Mji wa Goma haukujengwa juu ya udongo kama miji mingine. Umejengwa juu ya mawe yaliyotoka motoni. Mgeni apandaye kutoka ziwa Kivu kwenda kaskazini huuona mlima Nyiragongo mbele yake, wenye urefu wa mita 3,470, na akitazama chini huona kwamba kila anachokanyaga kimeshuka kutoka huko juu. Tarehe 17 Januari 2002 mto wa moto uliupasua mji katikati, ukafunika sehemu ya uwanja wa ndege, ukaliharibu kanisa kuu la Mtakatifu Yosefu, ukaishia ziwani. Watu walirudi mawe yangali na joto. Wakayavunja, wakajenga kuta za mawe, wakafanya njia za mawe. Njia hizo ndizo tunazotaka kuzieleza leo, kwa sababu mtu wa Goma atakaye kununua motokaa hana budi kuziuliza hizo kwanza, kabla hajamwuliza mwuzaji.

Rafiki yetu mmoja, mwalimu kama sisi, akaa mtaa wa Majengo pamoja na mkewe, watoto wawili, na mama yake mzazi ambaye goti lake la kulia halikunjiki vema. Mwezi Septemba 2022 alitujia jioni akiwa na karatasi mkononi. Alikuwa ameandika majina ya magari mawili: Toyota RAV4 ndefu na Honda CR-V, yote mawili ya mwaka 1998. Fedha alizoweka akiba zilitosha kununua moja, na wauzaji walikuwa wakitaka karibu sawa. “Mwalimu mwenzangu,” alisema, “mimi nimekwisha chagua mara tatu, na mara tatu nimebadili. Njoo utazame pamoja nami.”

Yafaa kueleza kwa nini mtu mwenye akili timamu alihangaika hivyo. Jumamosi jioni, tarehe 22 Mei 2021, Nyiragongo ililipuka tena. Moto ulishuka, ukala vijiji na nyumba nyingi upande wa Buhene, ukasimama karibu na uwanja wa ndege. Siku zilizofuata ardhi ilitetemeka mchana na usiku, na barabara zikapasuka. Alfajiri ya tarehe 27 serikali iliamuru mitaa 10 kati ya mitaa 18 ya mji ihamwe, na Majengo ilikuwamo. Rafiki yetu alikuwa na gari dogo kuukuu, la chini kama teksi. Akapakia mama yake, mkewe, watoto, magodoro na sufuria. Hawakufika hata barabara ya lami. Katika kichochoro cha nyuma ya nyumba yao jiwe lilipiga chombo cha oili chini ya injini, oili yote ikamwagika, na gari likafa pale pale, huku majirani wakipita kando wakikimbia. Nyanya alikalishwa juu ya chukudu ya kijana asiyemjua, akasukumwa hadi Mugunga. Wengine walitembea hadi Sake, kilomita 25 hivi, kwa miguu. Mwanamke yule hajapata kumlaumu mumewe kwa siku ile, lakini gari jipya lilipotajwa alisema neno moja tu: “Lisiwe la chini.”

Basi siku ya Jumamosi tulikwenda kuyaona magari yale. Tulishuka kwa miguu kutoka Majengo kupitia Katindo hadi mzunguko wa Signers, mahali ambapo pikipiki za abiria ni nyingi hata mtu hudhani hakuna Mgoma abakiye nyumbani. Huko Birere, karibu na mpaka wa Rwanda, maduka ya vipuri yamepangana kama shanga: milango ya magari imetundikwa ukutani, taa zimelala mezani, na vijana wenye mikono myeusi humwita kila apitaye. Magari yenyewe ni ya mitumba kutoka Japani. Huja kwa meli hadi Mombasa au Dar es Salaam, kisha huendeshwa siku nyingi barabarani. Mwaka ule njia ya Bunagana ilikuwa imekatika, kwa maana kundi la M23 liliuteka mji huo Juni 2022. Kwa hiyo wengi walipitisha magari yao Rwanda.

Watu wetu huyaita magari ya namna hii “jipu”. Hilo ni kosa, nalo limewatia wengi hasara. Jipu halisi, kama Land Cruiser, lina fremu nzito ya chuma chini, na mwili wa gari umewekwa juu yake. RAV4 na CR-V hazina fremu. Mwili wenyewe ndio unaobeba kila kitu, kama ilivyo katika gari dogo la mjini, ila zimeinuliwa na kupewa nguvu katika magurudumu manne. Toyota ilitoa RAV4 yake mwaka 1994, kwanza ile fupi, na mwaka 1995 ikatoa ndefu yenye milango minne ya pembeni. Honda ikafuata na CR-V mwaka huo huo wa 1995. Zilikusudiwa jamaa za mjini zitakazo kukaa juu kidogo na kwenda matembezi siku ya mapumziko. Hazikukusudiwa Masisi wakati wa mvua. Anayeijua tofauti hii huendesha polepole, na gari lake hudumu.

Tulianza na CR-V. Kusema kweli ilitupendeza. Kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma ina sentimita 262, wakati RAV4 ndefu ina 241. Sentimita 21 zaonekana kitu kidogo katika karatasi, lakini mwambie mtu mwenye goti bovu akae nyuma, nawe utaona zilivyo kubwa. Gia zake hujibadili zenyewe, na mkono wa gia uko karibu na usukani, hata katikati ya viti vya mbele pana nafasi ya kupita. Nyuma, ubao wa sakafu ya mizigo hutolewa na kukunjuliwa, ukawa meza yenye miguu. Watoto wa rafiki yetu walipoiona meza ile hawakutaka kusikia habari ya gari jingine. Sisi nasi, tukubali, tuliifikiria meza ile kuliko ilivyostahili.

RAV4 ilikuwa nyembamba zaidi ndani, na kiti chake cha nyuma kilikuwa kimechakaa. Ila fundi tuliyekuwa naye, mzee wa maneno machache, alilala chali chini ya magari yote mawili, na alipotoka alijipangusa akamwita rafiki yetu kando.

“Mwalimu,” alisema, “yote mawili ni mazima. Sasa nikuulize: likivunjika, utaninunulia wapi kipuri?”

Ndipo alipotutembeza. Injini ya RAV4 ile ni ya lita 2, na Toyota iliitia injini hiyo hiyo katika Carina, Corona na Camry za wakati ule, magari yaliyojaa katika nchi zote za Afrika ya Mashariki. Katika maduka matano tuliyoingia, manne yalikuwa na mkanda wake, pampu yake ya maji, na mipira midogo ya kushika vyuma vya magurudumu ambayo mawe ya Goma huila upesi. Tulipotaja CR-V, duka moja lilikuwa na pampu iliyotumika. Mengine yalituambia tuagize Kampala, tungoje. Fundi akaongeza: “Kungoja kwenyewe si kubaya, kama mpaka uko wazi.” Hakusema zaidi, wala hapakuwa na haja.

Juu ya magurudumu manne tulipata somo jingine. Katika RAV4 ile nguvu ya injini yaenda katika magurudumu yote manne wakati wote. Katika CR-V ya namna ile magurudumu ya mbele ndiyo yanayovuta. Ya nyuma huingia kazini pale tu ya mbele yanapoanza kuteleza. Je, tofauti hiyo yahusu Goma? Kidogo tu. Mawe yetu hunywa maji ya mvua, na matope si adui mkubwa ndani ya mji. Adui ni ncha za mawe, zikatazo ubavu wa tairi kama kisu, na matuta yapigayo amortisa kutwa nzima. Kwa hiyo tungemshauri mnunuzi atazame matairi kwanza, tena ubavuni, na autazame mpira wa akiba ulio juu ya mlango wa nyuma kama una upepo. Wa CR-V ile haukuwa nao.

Kuna jambo ambalo wauzaji hawalisemi, nalo lagusa watoto. Magari haya yatokayo Japani yana usukani upande wa kulia, kwa maana Wajapani hushika kushoto barabarani. Kongo hushika kulia. Dereva basi hukaa upande wa ukingo wa njia, na akitaka kulipita lori haoni kinachokuja mpaka ametoa karibu gari zima. Akaaye kiti cha mbele kushoto ndiye aonaye, naye huwa macho ya dereva. Rafiki yetu na mkewe wana maneno yao mawili, “bado” na “pita”, na asiposikia la pili hapiti. Tena mlango wa huyo wa kushoto hufunguka katikati ya barabara, penye pikipiki. Tuliposema hayo mbele ya nyanya, ambaye alikuwa amekwisha ahidiwa kiti cha mbele, alicheka akasema, “Mwanangu, mimi nimeponea moto wa mlima, sasa waniweka penye pikipiki?” Ikaamuliwa atakaa nyuma, kulia.

Hapo hesabu ya sentimita ilirudi. Tuliyajaribu magari yote mawili katika njia ile ile: kutoka lami, kupanda Majengo, kupita katika kichochoro kile ambacho mwaka 2021 kiliua gari la kwanza. Yote mawili yalipita juu ya jiwe bila kuligusa. Jiwe lingalipo, hakuna aliyeliondoa, na fundi alituambia halitaondoka kwa kuwa ni la mlima mzima. Ndani ya CR-V nyanya alikaa vema. Ndani ya RAV4 alikaa vibaya, mpaka mkwewe aliposogeza kiti cha dereva mbele kidogo na kumwambia mumewe, “Wewe ni mfupi. Huitaji nafasi yote hiyo.” Mume akanyamaza. Nyanya akanyosha mguu.

Wakainunua RAV4. Watoto walilia kwa ajili ya meza, na sisi hatukuwacheka.

Tangu hapo tumelipanda gari lile mara nyingi, na kasoro zake twazijua. Mji uko juu, mita 1,500 hivi, hewa ni nyembamba, na likiwa limejaa watu hupanda likihema. Petroli ya barabarani, ile iuzwayo katika chupa na mabidoni na vijana tuwaitao Kadhafi, siku moja ilikuwa na maji ndani yake, na injini ikazimika mbele ya sanamu ya chukudu, watu wengi wakitazama. Mipira ya magurudumu imebadilishwa mara mbili, kila mara kwa kipuri kilichopatikana siku ile ile.

Kasoro iliyotuchosha kuliko zote ni mlango wa nyuma. Haufunguki kwenda juu. Hufunguka kama mlango wa nyumba, na bawaba zake ziko kulia. Huko Japani hilo ni jema. Hapa, gari likisimama ukingoni mwa njia, mlango huziba upande wa watu, na apakiaye hulazimika kusimama upande wa magari yapitayo.

Siku za mwisho za Januari 2025, vita vilipoingia mjini na Goma ikaanguka mikononi mwa M23, gari lile halikwenda popote. Hapakuwa na pa kwenda. Jamaa nzima ililala sakafuni mbali na madirisha, na motokaa iliyochaguliwa kwa ajili ya kukimbia ilikaa uani, tundu moja la risasi katika kioo cha nyuma. Rafiki yetu alitueleza kwamba usiku ule hakuifikiria hata mara moja.

Kisha umeme ulikuwa umekatika, na mabomba yalikuwa makavu. Risasi zilipotulia, watu walishuka ziwani kwa maelfu, na mabidoni kichwani, mgongoni, juu ya machukudu. Naye akawasha gari. Tulikwenda naye Kituku, tukiwa na mabidoni yetu na ya majirani, ya lita 20 kila moja. Ufukweni tuliyajaza, na klorini ilitiwa kwa kipimo katika kila bidoni, maana kipindupindu hakingoji vita viishe. Kabla ya kupakia, rafiki yetu aligeuza gari, akaliingiza kinyumenyume penye uwazi kando ya njia, mlango wa nyuma ukitazama maji. Mtoto mkubwa akasimama mahali pasipopita pikipiki, akapokea bidoni la kwanza.