Mvuko wa Tiwi



Tiwi ni kijiji cha pwani katika njia ya kutoka Maskati kwenda Sur. Ibn Battuta, aliyefika huko katika karne ya 14, alikisifu kwa mito na miti yake. Anayetaka kuingia bonde la Wadi Shab huvushwa mlangoni kwa mashua ndogo, mwendo wa dakika chache tu. Katika mvuko huo mfupi tulikumbuka muziki ambao wengi wetu hatukulelewa nao.

Muziki huo huitwa Kisiwa cha Wafu. Uliandikwa na Mrusi Sergei Rachmaninoff mwaka 1909, alipokuwa akikaa Dresden, Ujerumani. Miaka miwili kabla yake aliona huko Paris nakala ya picha ya Arnold Böcklin wa Uswisi: mashua, mpiga makasia, mtu aliyevaa nguo nyeupe mbele ya jeneza, na mbele yao kisiwa cha majabali. Nakala hiyo haikuwa na rangi, kama kurasa zetu hizi za fotokopi. Alipoiona picha yenyewe na rangi zake, haikumgusa kwa kiasi kile.

Muziki huchukua dakika ishirini hivi. Ala za sauti nzito huanza polepole, kwa mapigo matano matano: mara mawili na matatu, mara matatu na mawili. Ndivyo kasia linavyozama na kuinuka. Katikati huja kumbukumbu ya uhai, yenye joto na shauku. Kisha husikika wimbo wa kale wa Kanisa wa misa ya wafu, na makasia hurejea yalivyoanza.

Kusini ya Tiwi, mwendo mfupi kwa gari, ipo Qalhat. Mji huo uliharibiwa na Wareno mwaka 1508, na UNESCO iliuingiza katika urithi wa dunia mwaka 2018. Jengo la kaburi la Bibi Maryam lingali limesimama, likitazama bahari. Mbele zaidi ni Sur, ambako majahazi yaliondoka na kaskazi kwenda Mombasa na Unguja, yakarudi na kusi.

Mashua ya Rachmaninoff huenda upande mmoja tu. Zetu zilikwenda na kurudi, kwa hiyo makaburi yetu yako ng'ambo zote mbili: babu amelala Pemba, mwanawe Sur, na mjukuu hajui pa kusomea Fatiha. Huzuni hii haimhusu maiti. Inamhusu aliyebaki ufukweni.

Basi wazazi, tuwaulize wazee wangali hai: nani amezikwa wapi, katika mtaa gani, karibu na msikiti upi. Tuandike majina hayo kwa kalamu, tuwape watoto. Kaburi la Bibi Maryam limedumu kwa mawe. Makaburi ya watu wa kawaida hudumu kwa kutajwa.