Sahihi na Pambizo: Tafakuri ya Msimamizi wa Tasnifu

Neno sahihi lina kazi mbili katika Kiswahili, na aghalabu tunazitumia zote mbili bila ya kuzihusisha. Jibu lisilo na kosa tunasema ni sahihi. Na mtu anapoandika jina lake chini ya waraka kwa mkono wake tunasema ametia sahihi. Waarabu, ambao ndio asili ya neno hili, hawaiti hivyo alama ya chini ya waraka. Wao wanalo neno jingine kwa kazi hiyo. Hata hivyo, katika miswada ya Kiarabu, ambayo ndiyo iliyowafunza wanakili wa pwani yetu kazi yao, mzizi wa neno hili ulikuwa na matumizi ya tatu yanayostahili kukumbukwa. Mnakili aliporuka neno, aliweka alama ndogo mahali penye pengo, akaliandika neno lililosahauliwa pambizoni, kisha akaongeza herufi mbili, sadi na ha, zisomwazo sahha. Maana yake ni kwamba neno hili, ingawa limekaa ukingoni, ni la matini yenyewe na msomaji alirudishe ndani. Neno lenyewe hashiya katika Kiarabu lina maana ya ukingo na pia ya maelezo yaandikwayo ukingoni.

Kwa hivyo kutia sahihi na kuandika pambizoni vilikuwa vitendo vya jamaa moja. Katika vyote viwili mtu fulani, mwenye jina, anasimama kando ya maandishi na kusema: nimeyaona, na ndivyo yalivyo. Ninalokusudia kutetea hapa ni kwamba jamaa hawa wametengana katika nyaraka tunazoandaa kwa tarakilishi, na kwamba anayewatenganisha si mashine bali ni mazoea yetu.

Msomaji anaweza kuuliza pambizo lina thamani gani. Na tumtazame Muyaka bin Haji, malenga wa Mombasa aliyefariki mwaka wa 1840. Mashairi yake yalikusanywa baadaye na Mwalimu Sikujua, aliyeyaandika kwa hati ya Kiarabu; W. E. Taylor akayahamishia katika hati ya Kirumi na kuyaongezea maelezo ambayo mengi aliyapata kwa Mwalimu huyo huyo. Hichens alipoichapisha Diwani mwaka wa 1940, na Abdulaziz alipotoa uchunguzi wake mwaka wa 1979, wote walizitegemea karatasi hizo, ambazo sasa zimehifadhiwa katika maktaba ya SOAS, London. Yaondoe maelezo yale, na beti nyingi za Muyaka zitasalia kuwa vijembe tusivyojua vilimlenga nani. Uhakiki wa ushairi wetu, kwa kiasi kikubwa, ulianzia ukingoni mwa karatasi.

Nimesimamia tasnifu kwa miaka zaidi ya kumi. Zamani sura ilirudi kwa mwanafunzi ikiwa imejaa mishale ya penseli, naye aliyekuwa na ujasiri alinijibu papo hapo chini ya swali langu kwa kalamu ya rangi nyingine. Vyuo vilipofungwa mwezi wa Machi mwaka wa 2020 kwa sababu ya korona, kazi yote ilihamia katika barua pepe, na karatasi haijarudi tena tangu hapo. Mwezi huo huo, kwa sadfa tu, ilianza kutumika sheria ya marekebisho ya sheria za biashara nchini Kenya, ambayo miongoni mwa mengine iliipa sahihi ya kielektroniki nafasi katika sheria ya mikataba. Sheria, kwa mara moja, iliwatangulia watu.

Nasema iliwatangulia kwa sababu kile ambacho ofisi nyingi hukiita sahihi ya kielektroniki si sahihi hata kidogo. Mtu huandika jina lake kwenye karatasi nyeupe, akalipiga picha kwa simu, akaondoa weupe wa nyuma, kisha akaibandika picha hiyo popote anapotakiwa. Miaka michache iliyopita nilionyeshwa fomu iliyotangaza kwamba nimesoma masahihisho ya mwanafunzi fulani na kuridhika nayo. Mtahini wa nje alikuwa ameagiza sura nzima iandikwe upya, nami sikuwa nimeiona sura hiyo. Chini ya fomu palikuwa na jina langu kwa mwandiko wangu. Nilipolitazama kwa makini niliona kwamba mkia wa herufi ya mwisho ulikuwa umekatwa na ukingo wa muhuri wa zambarau. Picha ilikuwa imekatwa kutoka kwa barua niliyoiandika miaka miwili kabla, kwa shughuli nyingine kabisa. Karani aliniuliza kwa adabu, "Daktari, kwani hii si sahihi yako?" Nilimjibu kwamba sahihi ni yangu lakini sikuitia mimi. Alinitazama kama mtu aliyeulizwa kitendawili. Sikumlaumu, kwani lugha yetu haijapata kuhitaji tofauti hiyo hapo awali. Sahihi ya wino haikuweza kuondoka kwenye karatasi yake na kwenda kutembea. Fomu ilifutwa, na mwanafunzi, ambaye hakujua lolote, alingoja mahafali ya mwaka uliofuata.

Sahihi ya kidijitali iliyo ya kweli ni kitu tofauti, na wanafasihi tungefaa kuifahamu kwa sababu inahusu matini. Msingi wake ni wazo la funguo mbili, moja ya siri na nyingine ya umma, lililotangazwa na Diffie na Hellman mwaka wa 1976 na kupewa umbo la kutumika na Rivest, Shamir na Adleman mwaka uliofuata. Programu huupitia waraka wote na kuutolea muhtasari wa tarakimu wenye urefu maalumu. Katika utaratibu mmoja unaotumika sana, muhtasari huo huandikwa kwa alama 64, uwe waraka ni barua ya mistari mitatu au tasnifu ya kurasa 300. Muhtasari huo ndio unaofungwa kwa ufunguo wa siri wa mwenye kutia sahihi, na yeyote mwenye ufunguo wa umma anaweza kuuhakikisha. Badilisha amekufa kuwa amekufaa, na muhtasari wote hubadilika, na waraka hutangaza kwamba umeguswa. Ukiikata sahihi hiyo na kuibandika kwenye fomu nyingine, haithibitishi chochote, kwa kuwa imefungamana na maneno yale tu iliyotiwa juu yake. Hapa, naona, sahihi imerudi kwa maana yake ya kwanza: haisemi tu mimi ni fulani, bali inasema pia matini hii ndiyo.

Madokezo nayo yana mpango wake. Katika muundo wa PDF, uliotolewa na kampuni ya Adobe mwaka wa 1993 na kuwa kiwango cha kimataifa mwaka wa 2008, dokezo halichanganyiki na maneno ya ukurasa. Hukaa juu yake kama tabaka la pekee, likibeba jina la aliyeliandika na, kwa kawaida, tarehe na saa. Jina hilo programu hulichukua aghalabu kutoka kwa tarakilishi inayotumika, si kutoka kwa mtu. Na ndiyo sababu katika tarakilishi ya pamoja ya idara madokezo ya wahadhiri watatu huweza kutokea yote kwa jina la yule aliyeisajili mashine. Mhariri wa baadaye atakayeyasoma atatuona sote kuwa mtu mmoja mwenye tabia zinazogongana. Inatosha kuandika jina lako mwenyewe katika mipangilio kabla ya kuanza kazi, jambo la dakika moja.

Hasara kubwa zaidi huja mwishoni. Mwanafunzi mmoja wa uzamili aliandika kwamba msimulizi wa Nagona ya Kezilahabi anajua kila kitu. Nikaweka dokezo la neno moja: "Anajuaje?" Akajibu, nikapinga, akarudi na kifungu kingine cha riwaya. Madokezo yalifika saba, na katika la sita alikuwa ameligeuza swali langu likanielekea mimi, kwa haki kabisa. Hoja iliyozaliwa pale ndiyo uti wa sura yake ya nne. Lakini katika tasnifu iliyohifadhiwa hoja hiyo imeandikwa kana kwamba ilimjia asubuhi moja ikiwa kamili, kwa sababu kabla ya kuwasilisha kazi tunawaagiza wanafunzi wafute madokezo yote. Kubonyeza mara moja kunatosha. Penseli ilihitaji ufutio na subira, na hata hivyo iliacha kivuli.

Muundo huo huo wa PDF unamruhusu mwenye waraka kuufunga kwa sahihi huku akichagua kinachoweza kuongezwa baada ya hapo. Anaweza kuzuia kila kitu. Anaweza kuruhusu fomu zijazwe tu. Na anaweza kuruhusu madokezo pia, matini yenyewe ikibaki imefungwa. Chaguo hili la tatu lingetufaa sana. Nimependekeza idarani tuhifadhi nakala mbili za kila tasnifu: ile safi ya maktaba, na nyingine yenye pambizo zake, katika muundo wa PDF/A uliowekwa mwaka wa 2005 kwa ajili ya uhifadhi wa muda mrefu, pamoja na muhuri wa wakati, kwa kuwa cheti cha sahihi huisha muda wake.

Wenzangu wamepinga, na pingamizi lao lina uzito. Wanasema msimamizi atakayejua kwamba dokezo lake litasomwa na wageni ataandika kwa tahadhari, na tahadhari haimsaidii mwanafunzi. Mimi nitaendelea kuuliza "Anajuaje?" hata kama wajukuu wa mtahini watasoma. Ila wamenilazimisha kukubali jambo moja, kwamba nakala hiyo ya pili isihifadhiwe bila ya idhini ya mwanafunzi. Fomu ya idhini inaandaliwa. Itahitaji sahihi mbili, yake na yangu, na tumeafikiana kwamba picha hazitapokelewa.