Kamera Kuukuu na Jina Lake

Wako watu wapendao vitu kwa kuwa ni vipya, na wako wapendao vitu kwa kuwa vimepita katika mikono mingi. Hawa wa pili si wachache kama wadhaniwavyo. Mmoja hukusanya stampu, mwingine sarafu, mwingine saa za ukutani zilizowahesabia nyakati watu waliokwisha kufa zamani. Katika jamaa hii wamo wakusanyaji wa kamera za filamu zenye kipima umbali, na shughuli yao ina jambo moja ambalo shughuli ya stampu haina. Stampu iliyochanika imechanika, lakini kamera iliyokufa yaweza kufufuliwa. Hapo ndipo furaha yao ianzapo, na hapo hapo ndipo dhamiri zao zianzapo kusumbuka.

Asili ya kamera hizi ni Ujerumani, katika mji wa Wetzlar, penye kiwanda cha Ernst Leitz kilichojulikana kwa hadubini zake. Fundi mmoja wa kiwanda hicho, Oskar Barnack, aliyezaliwa mwaka 1879, alipenda kupiga picha, lakini alikuwa mtu wa afya dhaifu, na kamera za zama zile zilikuwa masanduku mazito yenye sahani za kioo. Akaunda kamera ndogo ya kutiwa mfukoni, akaitumilia filamu ya sinema yenye upana wa milimita 35. Kufika mwaka 1914 kamera ilikuwa tayari. Vita vikaichelewesha, na haikutolewa sokoni mpaka mwaka 1925. Ikaitwa Leica, jina lililounganishwa kutoka jina la mwenye kiwanda na neno kamera. Mtu aliweza sasa kupiga picha 36 bila kubadili filamu, amesimama sokoni au njiani, asitambuliwe.

Ila kamera hiyo haikujua umbali. Mpiga picha alikadiria kwa jicho, akasema moyoni ni mita tatu, akaipanga lenzi kwa makadirio hayo. Akikosea, uso wa mpenzi wake ulitoka kama uliotazamwa ndani ya maji. Palikuwa na kipima umbali cha kupachikwa juu ya kamera, lakini kilisomwa kwanza, kisha tarakimu yake ikahamishiwa kwenye lenzi kwa mkono. Mwaka 1932 ndipo Leica ya pili ilipotoka, kipimo na lenzi vikiwa vimeungana, na mwaka huo huo Zeiss Ikon ya Dresden ikatoa Contax yenye ufundi wa namna hiyo.

Ufundi wenyewe unastahili kuelezwa, maana ndio uwatiao watu wazimu huu. Kwenye uso wa kamera pana madirisha mawili madogo yaliyotengana kwa sentimita chache, kama macho ya mtu. Nuru iingiayo katika dirisha moja hulifikia jicho moja kwa moja. Ile iingiayo katika la pili hugeuzwa njia, ikapita ndani ya kamera mpaka kwenye kioo kilichopakwa fedha nyembamba sana, kioo kipitishacho nuru na kuirudisha kwa wakati mmoja. Kwa hiyo jicho huona sura mbili za kitu kimoja, moja ubavuni mwa nyingine, kama aonavyo mlevi. Lenzi izungushwapo, mkono mdogo ulioegemea nyuma yake husukumwa, na sura ya pili huanza kusogea. Zikikutana zikawa moja, lenzi imekaa mahali pake. Mizinga ya manowari ilikwisha kupimiwa umbali kwa kanuni hiyo hiyo ya pembetatu. Ajabu ni kuipata katika kitu kinachoenea kiganjani.

Enzi ya kamera hizi haikuwa ndefu. Ilifika kileleni mwaka 1954, Leica M3 ilipotoka. Na mwaka 1959 Nikon F ilitoa kwa watu wa magazeti kamera iliyotazama kwa kioo kupitia lenzi ile ile ipigayo picha, na wengi wakaihama njia ya zamani. Hata hivyo haikufa. Mwaka 2022 kiwanda cha Leica kilirudia kutengeneza M6, kamera ya filamu, kwa ajili ya watu ambao simu zao tayari zapiga picha nzuri kuliko hiyo bila taabu yoyote. Mapenzi hayaulizwi sababu.

Meza ya mkusanyaji hufanana na meza ya fundi saa: bisibisi nyembamba, koleo ndogo, kikuza cha kuvaliwa jichoni, na visahani vya kuwekea skrubu kwa mpango wa zilivyotoka, kwani skrubu mbili zilizo sawa kwa macho huenda zisiwe sawa kwa urefu, na iliyo ndefu kidogo ikitiwa mahali pa fupi huzuia gurudumu lililo chini yake. Adui wa kwanza ni grisi. Mafuta ya miaka 80 si mafuta tena, ni gundi. Pazia la kamera huenda kwa kusita, au husimama katikati ya safari. Pazia hilo ni vipande viwili vya kitambaa kilichopakwa mpira, kimoja kikikimbia mbele na cha pili kikikifuata, na picha huingia kwa mwanya uliobaki baina yao. Mpira ukizeeka hupasuka vitundu vidogo kama vya sindano. Fundi huishika kamera mbele ya taa katika chumba cha giza, na akiona nyota ndani yake hujua kazi iliyo mbele yake.

Tundu jingine lina kisa chake. Kamera ya namna hii haina kioo mbele ya pazia. Ikiachwa mezani bila kifuniko, lenzi ikiuelekea mchana jua, nuru hukusanyika katika kitambaa na kukiunguza, kama watoto waunguzavyo karatasi kwa kipande cha kioo. Akutaye alama hiyo ya moto amekutana na uvivu wa mtu asiyemjua, labda wa mwaka 1938. Kwenye lenzi zilizokaa katika nchi za unyevu, nazo ni jambo lijulikanalo sana kwa watu wa Mombasa na Unguja, huota koga ambayo hutandaza nyuzi zake kama utando wa buibui, na ikiachwa muda mrefu huacha makovu yasiyofutika katika kioo. Koga yenyewe huweza kusafishwa. Kovu hubaki.

Sasa swali hutokea, nalo si dogo: fundi akomee wapi? Abadilipo pazia, ameiponya kamera au ameitoa kiungo chake? Akipaka rangi nyeusi pale ambapo shaba imechungulia kwa kuguswa na vidole vya miaka mingi, ameirudishia ujana au ameinyang'anya uzee wake? Wanunuzi wenyewe wamekwisha kutoa hukumu juu ya rangi: kamera iliyopakwa upya hushuka bei, na ile iliyochakaa kwa haki hupanda. Lakini hukumu ya soko si hukumu ya akili. Kiwanda cha Leitz chenyewe kilizipokea kamera za zamani kutoka kwa wateja wake, kikazigeuza kuwa za namna mpya zaidi, zikatiwa kipima umbali ambacho hazikuzaliwa nacho. Kamera ya namna hiyo, yenye namba ya miaka ya 1920 na viungo vya miaka ya 1930, asili yake ni ipi? Asemaye kwamba asili ni siku ya kwanza ya kutoka kiwandani ana hoja, lakini kiwanda kilichoitoa hakikukubaliana naye.

Mali imezidisha uzito wa swali hili. Mwezi wa Juni 2022, katika mnada uliofanyika Wetzlar, kamera namba 105, mojawapo ya zile chache za majaribio zilizotangulia soko, ambayo ilikuwa ya Barnack mwenyewe na ina jina lake, iliuzwa kwa euro milioni 14.4. Panapo fedha kama hizo kwa ajili ya jina, wachongaji wa majina hawakosekani.

Mkusanyaji mmoja, mpiga chapa aliyestaafu, alinunua katika soko la vitu vikuukuu, katika mji mmoja wa Ujerumani, kamera yenye rangi ya dhahabu, iliyoandikwa Leica, na chini ya jina pamechorwa tai wa jeshi la anga la Hitler. Leica za jeshi hilo zilikuwapo kweli, kwa hiyo jambo lenyewe halikuwa muhali. "Ilikuwa ya marehemu babu yangu, Bwana," alisema muuzaji, na kwa haya ya kumbishia mtu marehemu wake, mnunuzi hakuuliza zaidi. Alitoa nusu ya pensheni yake ya mwezi.

Alipofika nyumbani akaifungua lenzi. Katika Leica ya kweli, ule mkono mdogo unaoegemea lenzi huishia kwa kijigurudumu. Katika kamera ile uliishia kwa ulimi mfano wa kabari. Hiyo ndiyo alama ya FED, au ya Zorki iliyoifuata: nakala za Leica zilizotengenezwa katika Umoja wa Kisovieti. Alikaa kitambo bila kusema. Binti yake, aliyekuwa amekuja kumjulia hali, aliichukua kamera, akaigeuza geuza, akauliza, "Baba, kabla ya jina hili ilikuwa na jina gani?"

Wakaitega chini ya taa, upande huu na upande huu. Bati la juu lilikuwa limesagwa kwa uangalifu. Palibaki bonde dogo ambalo kidole kililihisi na jicho halikuliona. Herufi hata moja haikusalia. Lakini lenzi na ule mpangilio wa vitufe vilitosha kumjulisha kwamba ilikuwa FED ya namna ya kwanza.

Na FED ni nini? Ni herufi za mwanzo za Felix Edmundovich Dzerzhinsky, mwanzilishi wa polisi wa siri wa Kisovieti, mtu aliyeogopwa. Jina lake lilipewa makao ya watoto katika mji wa Kharkiv, nchini Ukraine, yaliyofunguliwa mwaka 1927 kwa ajili ya mayatima na watoto wa njiani walioachwa na vita na njaa. Mwalimu Anton Makarenko aliyaongoza katika miaka yake ya kwanza. Watoto wale walisoma nusu ya siku na nusu nyingine wakafanya kazi. Walianza kwa useremala na ushonaji, wakafikia kutengeneza mashine za umeme za kutobolea, na mwaka 1934 wakaanza kutoa kamera kwa kuiiga Leica. Kunakili kazi ya watu si sifa. Lakini mtoto aliyelala juzi chini ya daraja, akatengeneza leo kitu ambacho mafundi wa Wetzlar walikijua kwa miaka mingi ya ujuzi, hakughushi kitu. Aliandika FED juu yake. Mwezi wa Oktoba 1941 majeshi ya Ujerumani yaliuteka mji wa Kharkiv, na mpaka ulipokombolewa kabisa, Agosti 1943, watu wake waliuawa na kufa njaa kwa maelfu. Tai aliyechorwa juu ya kamera ile ni tai wa jeshi lile lile. Aliyemchora huenda hakufikiri kabisa. Alitaka fedha za wageni tu.

Mkusanyaji alikuwa na njia kadhaa. Angeweza kuirudisha sokoni na kuusukuma uongo kwa mwingine, kama wengi wafanyavyo. Hiyo haifai kujadiliwa. Angeweza kuusaga uongo ule na kuchonga FED badala yake, na binti yake alimshauri hivyo. Ushauri huo una haki nyingi ndani yake, na bado haukumtuliza, maana herufi zile zingekuwa za mkono wake yeye, si za Kharkiv, na atakayeinunua baada yake angedhani anazisoma za watoto. Ingekuwa kughushi ukweli. Basi akaliacha jina la uongo mahali pake. Akaandika kwenye kadi, kwa herufi za chapa alizozipanga mwenyewe, kamera hii ni nini, ameijuaje, na nani amebadili nini, pamoja na yale atakayobadili yeye. Akaitia kadi ndani ya mkoba wa ngozi.

Yaliyobaki yalikuwa ya fundi. Picha za filamu ya kwanza zilitoka na ukungu, ingawa zile sura mbili zilikuwa zimekutana barabara katika dirisha. FED za kabla ya vita hazikuwa na kipimo kimoja cha masafa baina ya lenzi na filamu. Kila kamera ililinganishwa na lenzi yake kwa mkono, na mghushi alikuwa ameitia lenzi ya kamera nyingine. Jicho liliambiwa kweli, filamu ikaambiwa uongo. Mkusanyaji akabandika gazeti ukutani, akaiweka kamera kwa masafa ya mita moja, akafanya kile walichofanya wale watoto: akatoa pete ya lenzi, akaweka chini yake vipande vya karatasi nyembamba, akapiga, akasafisha filamu, akaongeza kimoja, akapunguza kimoja, akapiga tena. Kazi hiyo ilichukua majuma matatu. Katika filamu ya nne, tangazo la chini kabisa, lile la chumba cha kupangisha, lilisomeka lote pamoja na kodi yake.