Safari ya Mgeta

Kutoka Morogoro mjini gari hupanda milima ya Uluguru mpaka Mgeta, nchi ya baridi na mboga, ambako hufugwa mbuzi wa maziwa ambao asili yao ni Norwe. Mwenyeji wangu nilimkuta akikesha bandani, kwani mbuzi wake alikwisha timiza miezi mitano ya mimba. Banda limeinuliwa juu ya nguzo, na mbao za sakafu zimeachana kidogo ili samadi ianguke chini.

Alfajiri mbuzi akazaa mapacha. Bwana yule akawapaka iodini vitovuni, na kabla ya saa moja kupita akawanyonyesha yale maziwa ya kwanza, mazito ya manjano, yaitwayo dang'a.

Nikainama kwa haya. Nyumbani kwangu nilikuwa nikiyamwaga kwa kuyadhani uchafu, na watoto wawili wa mbuzi wakanifia. Kumbe ndiyo kinga yao ya kwanza!

Katika Sura An-Nahl, aya ya 66, Mwenyezi Mungu ametuonyesha mazingatio katika maziwa ya wanyama. Aya hiyo nimeisomesha miaka mingi bila ya kuitazama zizini mwangu. Basi vijana, wanyama ni amana. Jifunzeni kuwatunza kabla hamjawafuga.